Jiko Nililompangia Mama

Thunder Bay,
Jumapili, 4 Mei

Kwa Kaka yangu mpendwa Arvo,

Salamu nyingi zikufikie huko Calgary, wewe pamoja na wifi yangu Marlene. Natumaini goti lako limepoa tangu upasuaji, na kwamba unafuata masharti ya daktari, ingawa nakujua, masharti kwako siku zote ni ya watu wengine. Sisi huku hatujambo. Mama anaamka, anakunywa kahawa yake, anauliza kama theluji imekwisha, namwambia imebaki kidogo tu nyuma ya banda. Mimi mgongo unanisumbua, lakini nina miaka hamsini na minane, na mgongo wa umri huu ukinyamaza ndipo pa kutia wasiwasi.

Najua utashangaa kupokea barua wakati simu ipo. Simu yetu unaijua, Kaka. Unapiga Jumapili baada ya ibada, unaniuliza Mama hajambo, nasema hajambo. Nampa, unamuuliza, naye anasema hajambo. Mnazungumzia baridi dakika nne, basi, hadi wiki nyingine. Sisi Wafini ni watu wa ajabu. Tunaweza kukaa uchi pamoja ndani ya mvuke wa sauna, baba, mama, watoto na jirani, wala hakuna anayeona haya. Lakini kusema lililo moyoni, hapo ndipo tunapotafuta nguo za kujifunika. Nina jambo la kukuambia ambalo kwenye simu lisingetoka. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika, tafadhali.

Nianze na jiko, kwa kuwa ndilo ulilolichangia, na kila Jumapili unauliza limefikia wapi. Limekwisha. Mafundi walifagia na kuondoka mapema mwezi wa nne. Ukiona picha utasema ni la kwenye gazeti, na kila aliyeingia humu amesema hivyohivyo.

Kazi yangu unaijua. Mwaka wa ishirini na mbili huu naketi kwenye meza ileile dukani, nawapangia watu majiko. Wanakuja mume na mke wameshikana mikono, na baada ya saa mbili za kuchagua bomba la sinki wanaondoka mmoja mbele mwingine nyuma. Ninayowaambia ni yaleyale, ulimi umeshajua njia wenyewe. Msivunje makabati ya zamani kabla mapya hayajafika na mkayafungua mkayahesabu. Msihamishe sinki kwa sababu ya uzuri tu, maana mabomba yaliyo chini yake hayajui uzuri. Fungueni kila mlango kwenye karatasi kwanza, mwone kama wa friji haugongani na wa tanuri. Wekeni akiba kwa ajili ya yaliyojificha, kwa sababu sijaona ukuta wa zamani usio na siri. Na tengenezeni mahali pa kupikia kwa muda, kwani wiki sita za kula vya kununua zimevunja ndoa ambazo hata uzinzi ulishindwa kuzivunja.

Lakini kabla ya hayo yote huwa nauliza. Nani anapika humu? Mrefu au mfupi? Anatumia mkono gani? Asubuhi akiingia, kabla hajaamka sawasawa, mkono wake unakwenda wapi kwanza? Mzee mmoja aliwahi kuniambia nahoji kama polisi. Nikamjibu kuuliza si ujinga, baba, ujinga ni kulipia jiko la mtu mwingine. Alicheka sana yule mzee, na mke wake akanunua.

Basi ndiyo hivyo wanavyosema kwamba kinyozi hajinyoi.

Hali ya macho ya Mama nilikueleza, lakini nadhani ukiwa mbali huelewi hasa. Ugonjwa umekula katikati, umeacha pembeni. Akikutazama usoni haoni uso, anaona masikio. Barabarani haendi peke yake tena. Ila humu ndani, Kaka, kwenye nyumba aliyojenga Baba, ungeapa anaona kila kitu. Miaka hamsini na sita amepika kwenye chumba kile. Mkono wake ulikuwa unatoka sinki hadi kwenye kikombe, kikombe hadi birika, birika hadi jiko la umeme, bila kupapasa hata mara moja. Watu walikuja wakala mkate wetu wa iliki uliotoka tanuri hilohilo, wakaondoka bila kujua kwamba aliyewakatia haoni kisu.

Halafu ikaja ile Alhamisi ya Novemba, akasahau sufuria ya supu ya njegere, moshi ukatoka, jirani akapiga simu. Ofisi inayoshughulikia wazee ikaja na karatasi zake. Wakasema watamtuma mtaalamu aketi jikoni amtazame Mama akipika peke yake. Akiweza, abaki nyumbani kwake. Asipoweza, wataandika kwamba haifai aishi peke yake, na ukishaandikwa hivyo kinachofuata ni nyumba ya wazee. Niliwaomba wasubiri tulitengeneze jiko kwanza. Ndipo nilipokupigia nikakwambia tumfanyie Mama jiko linaloendana na macho yake ili afaulu. Ulinijibu kwamba mimi ndiye mtaalamu, nifanye ninavyoona, ukatuma mchango wako siku ileile. Kaka, huo moyo wako mwema umenikaa kooni miezi mitano.

Tulianza Januari. Fundi wangu ni Renzo, yule Mtaliano mfupi aliyejenga baraza ya kanisa. Mama tulimhamishia chumba cha chini ya nyumba, tukamwekea jiko dogo la umeme lenye plati mbili karibu na mashine ya kufulia, vyombo akawa anaviosha ndani ya sauna. Alisema hajawahi kuoga na sahani, lakini angalau zenyewe hazilalamiki kwamba mvuke ni mkali. Wiki kumi alikaa kule chini. Sikumsikia akinung'unika hata neno moja, na wewe unajua kimya cha Mama kinavyochosha kuliko makelele ya mwingine.

Siri za ukuta zilikuwepo, tena za kutosha. Baba aliijenga nyumba hii na wenzake wawili wa kambi ya magogo, siku za Jumapili tu, na hakuna kona iliyonyooka. Nilikuwa nimepima mara tatu kama ninavyowafundisha wengine, chini, katikati na juu, na bado kabati la pembeni likakataa kuingia. Renzo alilaza rula yake ukutani, akaitazama, akaniambia baba yangu alipima kwa jicho, na jicho lenyewe siku hiyo lilikuwa limeonja kitu. Chini ya sakafu tulikuta zulia la plastiki juu ya zulia la plastiki, tabaka nne. Ikabidi kipande kipelekwe kupimwa, isije ikawa zile nyuzi za zamani za asbesto zinazoua mapafu. Hazikuwemo, lakini majibu yalichukua wiki mbili. Makabati yalipofika mlango mmoja ulikuwa wa rangi nyingine. Yote hayo nilikuwa nimeyawekea akiba ya siku na ya fedha. Ukiniuliza mimi kama mtu wa kazi, nitakwambia mpango ulikwenda vizuri.

Sasa kuna siku moja nataka uijue. Renzo alikuwa amesimama mbele ya lile kabati letu la kukaushia vyombo, lile la juu ya sinki lisilo na sakafu, ambalo Baba alilichongea fito za ndani kwa mkono wake. Kwetu ni kitu cha kawaida. Unaosha sahani, unaipandisha juu ikiwa bado imelowa, inachuruzikia sinki, unafunga mlango, kesho unaitoa palepale. Renzo alikuwa hajawahi kuliona. Nilipomweleza akasema kumbe sisi ndio tuliovumbua uvivu wenye akili. Akamuuliza Mama kama alitunze. Mama, aliyekuwa amepanda ngazi kuja kusikiliza nyundo, akamjibu amuulize Raili. Nikasema litolewe, mahali pale pawekwe vigae vyeupe mpaka darini, na chini kutakuwa na mashine ya kuoshea vyombo.

Renzo hakupiga nyundo. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amekaa humu wiki ya tatu, na kila Mama akipanda kuja kuchungulia, mkono wake unanyanyuka wenyewe kwenda pale. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia yeye ni fundi, mpangaji ni mimi. Sijawahi kumjibu fundi hivyo, na sikupenda sauti yangu.

Jiko lilipokwisha nilimshika Mama mkono nikamzungusha. Milango yote myeupe, haina vishikio, unaibonyeza inafunguka. Jiko la umeme ni kioo kitupu, halina vifundo vya kuzungusha, unagusa tu. Kila kitu kimefichwa nyuma ya mlango unaofanana na mwingine. Alipitisha kiganja chake kwenye milango, kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Akasema ni safi. Unalijua neno hilo kwake, Kaka. Ndilo alilosema kuhusu hospitali alikofia Baba.

Akina mama wa kanisani walikuja kunywa kahawa, wakasifu mpaka wakachoka, na Mama akatabasamu na kuwaambia kwamba Raili ndiye aliyelipanga, kama anavyomwambia kila mtu mji huu kuhusu kila jiko nililopanga. Kahawa nilimimina mimi. Hakuna aliyeshangaa, walidhani ni heshima ya binti kwa mama yake. Ukweli ni kwamba Mama hakujua vikombe viko wapi. Nilimwambia ni mlango wa tatu kutoka kwenye friji, basi akawa anahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu, na akianzia pasipo sahihi anaishia kwenye pipa la taka. Siku moja niliingia bila kubisha nikamkuta kainama kwenye sinki, anakunywa maji ya bomba kwa kiganja. Nikamtolea glasi nikaiweka mezani, nikaenda kazini.

Mtaalamu alikuja Jumanne iliyopita. Anaitwa Bi. Desrosiers, mwanamke mpole, mwenye viatu vya raba. Mama alikuwa amevaa aproni yake ya bluu, amechana nywele tangu asubuhi. Bi. Desrosiers alimwambia asiwe na hofu, anataka tu uji na kikombe cha kahawa, hata yeye mwenyewe hajanywa kitu. Mama akasema hilo ni dogo.

Akaenda kwenye sinki. Mkono wake wa kulia ukapanda juu kutafuta kikombe, kwa kasi ileile ya miaka hamsini na sita, ukagonga vigae. Niliusikia mfupa wa kidole. Akaurudisha, akaanza kuhesabu milango. Wa kwanza aliobonyeza ulikuwa wa mashine ya kuoshea vyombo. Wa pili ulikuwa wa pipa la taka. Akaacha habari ya kikombe, akaenda kwenye jiko la umeme, akapitisha kiganja juu ya kioo kutafuta kifundo cha kuzungusha. Jiko likalia kwa vitufe vyote kwa wakati mmoja, halafu likajifunga lenyewe kama majiko ya aina hiyo yanavyofanya. Mama akarudi nyuma hatua moja, akaliambia jiko samahani.

Bi. Desrosiers alimwambia inatosha, akamkalisha. Akatazama huku na huku, milango, kioo, vigae, kisha akaniuliza mimi, bila ukali wowote, nani aliyempangia mama huyu jiko hili.

Nikajibu, "Duka moja hapa mjini."

Mama alikuwa palepale, hatua mbili. Aligeuza uso dirishani.

Mlangoni Bi. Desrosiers aliniambia kwamba kwa alichokiona hawezi kumfaulisha, lakini hawezi pia kusema kama aliyeshindwa ni mtu au ni chumba. Atarudi baada ya wiki sita. Kukiwa hivihivi, ataandika anachopaswa kuandika. Nikamshukuru nikafunga mlango, nikapika uji ule mwenyewe, tukala.

Jioni ile Mama aliketi kwenye kiti chake karibu na redio, nami nilikuwa navaa koti nirudi kwangu. Hakunigeukia. Aliniambia maneno haya, na tangu Jumanne sijayapatia mahali pa kuyaweka:

"Raili, ungeniambia tu kwamba umechoka. Jiko lilikuwa na kosa gani?"

Nilitoka. Nikaketi kwenye gari nje ya nyumba mpaka vioo vikapata ukungu.

Kaka Arvo, mficha uchi hazai, kwa hiyo nakwambia. Mchana baada ya moshi ule, kabla sijakupigia wewe, nilimwita dalali wa nyumba. Anaitwa Trudy, tulisoma naye. Alizunguka vyumba vyote Mama akiwa kwa daktari wa macho, akaniandikia karatasi. Wanunuzi wanataka makabati meupe. Wanunuzi hawataki vishikio. Wanunuzi hawajui kabati lisilo na sakafu ni la nini, wataona ni ubovu. Jiko ndilo linalouza nyumba. Unaujua ugonjwa huu wa watu wa huku, mtu anaishi miaka thelathini na jiko analolichukia, kisha mwaka wa kuhama anatengeneza zuri kwa ajili ya mgeni asiyemjua. Mezani kwangu nimewacheka wengi wa namna hiyo. Nami nikalipanga jiko la Mama kwa karatasi ya Trudy, kipengele kwa kipengele, kwa mchango ulioutuma ili Mama abaki.

Yale maswali ninayomuuliza kila mteja, hata asiyenunua, sikumuuliza Mama hata moja. Usidhani nilisahau. Majibu nilikuwa nayajua, na ningeyasikia kwa kinywa chake nisingeweza kuendelea. Nilijidanganya kwamba meupe yatampa mwanga, kwamba mashine itampunguzia kazi, kwamba atazoea. Mtu aliyechoka hujiambia lolote.

Na bado hilo si baya kuliko yote. Mkono wake ulipogonga vigae, Kaka, nilipumua. Sikushtuka, sikumkimbilia. Nilishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia, na nikawaza, basi, imekwisha, wataniamulia wao. Mama yangu amesimama pale na kidole kinachouma, hajui vikombe viko wapi nyumbani kwake, na mimi nikaona raha. Ilikuwa mara moja tu, lakini nilijiona.

Miaka kumi na moja tangu Baba afariki. Saa kumi na moja alfajiri nazoa theluji kwake, kisha kwangu, kisha kazini. Dawa ya macho mara tatu kwa siku. Simu tatu hadi nne nikiwa na wateja, kwamba redio imehama stesheni, kwamba kuna mtu mlangoni na hamjui kwa sauti. Sijalala nje ya mji huu zaidi ya siku mbili mfululizo. Ukiniuliza kama naweza, nasema naweza. Na wewe, samahani kwa kusema hivi, ulipenda kuamini, kwa sababu kuamini hakukugharimu nauli ya ndege. Sikulaumu peke yako. Mtu akisema naweza kwa miaka kumi na moja, nani atamwuliza mara ya pili?

Alhamisi nilikwenda kwake nikapika supu ya njegere, nikamwambia habari za Trudy na ile karatasi. Alikula mpaka akamaliza sahani. Kisha akasema, na hapa nakuandikia kama alivyosema: "Siwezi kutoka nyumba aliyonijengea Urho eti nimeshindwa kupika uji. Nitafaulu kwanza. Nikishafaulu nitakwenda kumtembelea rafiki yangu Impi kule nyumba ya wazee, nione kama chakula chao kinalika. Nikitoka humu, nitatoka kwa mlango wa mbele na viatu vyangu, wala sitasukumwa na kabati." Nikamwambia sitaki atoke. Akasema yeye hakuniuliza ninachotaka, mimi pia sikumuuliza, kwa hiyo tumelipana.

Renzo nimempigia. Anakuja Jumatano kuleta jiko la umeme lenye vifundo vya kuzungusha, kuweka vishikio kwenye kila mlango, kila mlango na kishikio cha aina yake ili mkono uvitambue, na kubandua baadhi ya vigae. Lile kabati la Baba hakulitupa, lilikuwa gereji kwake, amelifunika blanketi. Aliniambia alijua nitapiga simu, ila hakudhani nitachelewa hivi. Safari hii mpangaji ni Mama. Ameketi na Renzo kwenye simu nusu saa nzima anamwambia kimo cha kila kitu kwa kujipima na kiwiko chake, na Renzo anaandika, anamwita bosi.

Nakuomba basi, Kaka. Usitume hela, na maua usitume, Mama hayaoni. Njoo. Njoo wiki tatu kati ya hizi sita, hata kwa goti bovu, umpe dawa ya macho wewe na umtazame akijifunza. Mimi nitakwenda kwenye kibanda cha ziwani nilale, nikiamka nilale tena. Kama una hasira nami kuhusu mchango wako, na unayo haki, uje nayo, unikasirikie mezani tukitazamana. Nimechoka, Arvo. Nimeliandika neno hilo na mkono haukukauka.

Nisalimie sana Marlene, mwambie kitambaa alichoshona kiko mezani kwa Mama na kinashika kahawa vizuri. Nisalimie watoto wako, wakubwa hao wasioandika. Majirani wa hapa wanakusalimu wote, na yule mzee wa nyumba ya kona bado anasema una nyundo yake tangu mwaka ule.

Hapa ndipo nilipotaka kutia saini. Lakini nimeiandika barua hii nyumbani kwa Mama, kwenye meza ya jikoni, baada ya chakula cha mchana, naye akaniuliza nini kinachoandikwa muda wote huo, maana anaisikia kalamu. Nikamwambia ni barua yako. Akataka nimsomee. Nikamsomea tangu salamu. Pale kwenye sauna alicheka, pale kwa Renzo alicheka tena, habari ya Trudy alikuwa ameshaisikia. Nilipofika mahali nilipokuandikia kwamba nilipumua, nililiruka fungu lile, nikaingia kwenye theluji na dawa za macho, sauti ileile.

Mama akainua mkono. "Umeruka mahali," akasema. "Rudi."

Nikarudi. Nikasoma neno kwa neno, gunia, raha, yote. Nilipomaliza sikuthubutu kuendelea na fungu lililofuata. Akanyoosha mkono juu ya meza mpaka akaupata wangu, wala hakupapasa.

"Pumzi ile niliisikia siku ile ile," akaniambia. "Nilikuwa naisubiri miaka mingi."

Mimi mdogo wako,
Raili